Harusi Iliyo Kwenye DVD, na Namna ya Kuiokoa

Kama ulifunga ndoa Kolwezi kati ya mwaka 2003 na 2015 hivi, karibu hakika video ya harusi yako iko kwenye DVD, na DVD hiyo iko kwenye droo chini ya televisheni, au ndani ya begi juu ya kabati la nguo, au kwa shemeji aliyeiazima akasahau. Itoe uichezeshe leo. Usiishie dakika kumi za kwanza, bibi harusi akishuka garini. Ipeleke hadi mwisho, kwenye zawadi na ngoma. Diski huandikwa kuanzia katikati kwenda nje, na ukingo wa nje ndio unaoshikwa na vidole, unaoingiwa na unyevu kwanza, na ambao hata kiwandani ni mgumu kupakwa rangi sawasawa. Basi harusi huanza kufa mwishoni: viapo vya kanisani bado vinaonekana vizuri, lakini wajomba wakianza kucheza picha inakatikakatika, sauti inakwama, kisha kila kitu kinaganda. Ukiona hivyo bado hujachelewa. Ila usingoje Krismasi.

Nimeanza na harusi kwa sababu ndizo nyingi. Ziko diski zenye uzito kuliko hizo. Mwaka 2003 na 2004 kampuni ya madini ya Gécamines iliachisha wafanyakazi 10,655 katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia, na wengi wao, au wajane wao, hadi leo wanadai kwamba hawakulipwa haki yao yote. Barua, hesabu za mwisho na vyeti vya kazi vya familia hizo vilipitishwa kwenye skana za sekretaria za barabarani, vikachomwa kwenye CD, na karatasi zenyewe zikaliwa na mchwa. Kwaya zina misa zao kwenye CD. Vikundi vya wachimbaji wadogo vina orodha za wanachama. Wauzaji wa viwanja wana ramani walizopewa na wapimaji.

Tena mji wetu una tabia ya kuondoka chini ya miguu ya watu. Kasulo ulikuwa mtaa wa nyumba kama mitaa mingine hadi mwaka 2014, kobalti ilipogunduliwa chini ya sakafu. Mwaka 2017 sehemu yake ilihamishwa kupisha machimbo. Sehemu ya Cité Gécamines, kando ya shimo la kampuni ya madini ya COMMUS, nayo imeondoka, na habari zake zimo katika ripoti ambayo Amnesty International na shirika la hapa Kolwezi, IBGDH, walitoa Septemba 2023. Mtu wa mtaa wa namna hiyo hawezi kurudi na simu yake kupiga picha nyingine ya nyumba ya babake. Picha iliyo kwenye CD, ya ubatizo uliofanyika uani mwaka 2006, inayoonyesha ukuta wa matofali, mwembe na choo cha nje, ndiyo ushahidi uliobaki kwamba pale palikuwa na nyumba ya vyumba vinne wala si kibanda. Atakayebisha juu ya fidia atataka kuiona.

Sasa tuitazame diski yenyewe, maana watu wengi wanaitunza upande usio sahihi.

CD ni kipande kimoja cha plastiki ngumu chenye unene wa milimita 1.2. Upande wa juu wa plastiki hiyo, chini ya jina uliloandika kwa kalamu, kuna rangi. Juu ya rangi kuna utando mwembamba sana wa fedha wa kurudisha mwanga. Na juu ya fedha kuna vanishi tu. Leza inaingia kutoka chini, inapita plastiki yote, inafika kwenye rangi. Maana yake, mkwaruzo wa upande unaong'aa mara nyingi unaweza kusuguliwa ukaisha, lakini mkwaruzo wa upande wa maandishi umeondoa data yenyewe, na hakuna fundi wa kuirudisha. Ndiyo sababu CD iliyoandikwa kwa kalamu ya Bic, kwa mkono mzito, huwa imeharibiwa siku ileile ilipozaliwa. DVD ina nafuu hapo: ni vipande viwili vya milimita 0.6 vilivyogundishwa, na data iko katikati. Ila gundi ya DVD za bei ya chini huachia, hasa pembeni, hewa ikaingia.

Rangi ndiyo moyo wa jambo. Filamu ya kiwandani ina mashimo madogo yaliyogongwa ndani ya plastiki, kwa hiyo hudumu. Diski uliyoichoma mwenyewe haina shimo lolote. Ina rangi iliyounguzwa na leza hapa na pale, na rangi ya aina hiyo inapauka kama rangi nyingine zote. Kwa CD unaweza kukisia aina kwa kuigeuza. Ikiwa upande wa chini unaelekea kijani cha samawati, mara nyingi ni sayanini, iliyo dhaifu mbele ya mwanga. Buluu iliyokolea ni azo, yenye nguvu zaidi. Ile inayokaribia rangi ya fedha au dhahabu hafifu ni fthalosayanini, na hiyo ndiyo inayosifiwa kwa kudumu. DVD zote karibu ni zambarau, hazikwambii kitu.

Taasisi ya Uhifadhi ya Kanada imeweka makadirio ambayo nayaona ya haki. CD ya fthalosayanini yenye utando wa dhahabu: zaidi ya miaka 100. Hiyohiyo yenye utando wa fedha: miaka 50 hadi 100. DVD-R ya kawaida ya kuchoma mara moja: miaka 10 hadi 20. DVD ya tabaka mbili, ile ya gigabaiti 8.5: miaka 5 hadi 10. Haya ni makadirio ya diski nzuri iliyochomwa vizuri na kutunzwa vizuri. Zile za makasha ya hamsini au mia, zisizo na jina la kiwanda, zilizokaa juani mbele ya duka kabla hujazinunua, haziwezi kudai chochote hapo. Hata diski tupu ina umri: viwanda vyenyewe huihesabia miaka 5 hadi 10 kabla ya kuchomwa. Fanya hesabu ya DVD ya mwaka 2008 uone imesimama wapi.

Kuhusu mahali pa kuziweka, Taasisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani ilitoa mwongozo mwaka 2003 unaotaka joto la nyuzi 4 hadi 20 na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Tusicheke. Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, na kuanzia Mei hadi Agosti chumba cha kulala chenye kivuli kinakaribia kabisa masharti hayo. Mtu wa Matadi au Mombasa angetuonea wivu. Taabu yetu ni Septemba na Oktoba, jua linapokuwa kali kabla ya mvua, na kisha miezi ya mvua yenyewe, ukuta unapotoa jasho. Taabu nyingine ni kwamba watu huweka vitu vya thamani juu, karibu na bati, mahali penye joto kuliko pote nyumbani. Shusha begi hilo. Weka diski kwenye kabati la chini, kando ya ukuta usiopigwa na jua la mchana, zisimame wima kila moja kwenye kasha lake gumu. Vile vifuko vya plastiki laini hunata kwenye diski zikikaa miaka, hasa zikibanwa kwa uzito.

Na liko jambo linalotuhusu sisi wa ukanda wa shaba kuliko wengine. Mwongozo huohuo wa Marekani unaonya kwamba utando wa fedha huliwa na kutu ukikutana na dioksidi ya salfa, gesi inayopenya ndani ya diski pamoja na unyevu. Nasi tunaishi kati ya viwanda vinavyochoma madini yenye salfa na kutumia asidi yake. Aliyekua karibu na kiwanda cha Luilu anaijua harufu hiyo kooni. Na Lubumbashi, upande ambao upepo ulisukuma moshi wa bomba kubwa la Gécamines, miti ilikufa kwa miaka mingi. Sina kipimo cha hewa ya chumba chako, lakini kama mnasikia ile harufu kali jioni, funga makasha yako ndani ya chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana, utie pakiti za kukausha zile zinazokuja na viatu vipya. Chombo hicho kitazuia pia vumbi jekundu la malori, ambalo ukilipangusa kwa shati unatengeneza mkwaruzo. Osha kwa maji safi, kausha kwa kitambaa laini, ukipangusa kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usizungushe.

Usibandike karatasi za jina. Zinapoachia huvuta vanishi na fedha. Andika kwa kalamu laini ya wino wa maji, kwenye kile kiduara kisicho na kitu karibu na tundu la katikati.

Hayo yote yanachelewesha kifo, basi. Kazi yenyewe ni kuhamisha, na ianze kabla lekta hazijaisha mjini. Lekta, ile mashine ya kusomea, ndiyo inayotoweka kuliko diski. Kompyuta mpya hazina. Hata diski zenyewe zinaachwa: Sony iliacha kutengeneza Blu-ray za kuchoma Februari 2025. Kila mtaa una kompyuta kuukuu ya mezani yenye lekta nzima ndani, iliyogeuzwa meza ya kuwekea sufuria. Itafute sasa, au ununue lekta ndogo ya nje ya USB ungali unaipata, na mchangie watu watatu wanne.

Anza na diski zilizo mbaya, wala usianze na zile unazozipenda. DVD ya harusi ina folda inayoitwa VIDEO_TS, yenye faili za VOB zisizozidi gigabaiti moja kila moja. Nakili folda nzima jinsi ilivyo, au tengeneza nakala kamili ya diski, faili moja ya ISO. Kijana wa sekretaria atakwambia aigeuze iwe MP4 ili iingie kwenye simu. Aigeuze, hakuna ubaya, lakini baada ya kukupa ile nzima, kwa sababu ile ya simu imepunguzwa na haiongezeki tena. Vivyo hivyo usihesabu kwamba picha iko salama kwa kuwa uliituma kwenye kundi la familia la WhatsApp. Inafika imebanwa, sehemu ya ukubwa wake imeachwa njiani.

Diski ikikataa, usikate tamaa kwa lekta moja. Lekta zinatofautiana sana, na ile ya zamani ya kuchomea, nzito, mara nyingi husoma kile ambacho ile nyembamba ya kompyuta ya mkononi imeshindwa. Kwenye Linux kuna programu ya bure, ddrescue, inayochukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, kisha inarudi kwenye zile ngumu tena na tena, na inakumbuka ilipoishia. Hilo la kukumbuka ni baraka kwetu: delestaji ikikata umeme saa mbili usiku, kesho unaendelea palepale. Hata diski ileile inaweza kujaribiwa kwenye lekta mbili na vipande vikajazana. Kwenye Windows, IsoBuster hufanya kazi ya namna hiyo. Diski za kamera ndogo, zile za sentimita 8, mara nyingi hazikufungwa baada ya kurekodi, na kompyuta itasema ni tupu. Si tupu. Zijaribu kwa IsoBuster kabla ya kuamini. Usizitie kwenye lekta ya gari, ile ya kumeza, maana haitazitoa.

Kunakili kukikatizwa na umeme hakuumizi diski. Kuchoma kukikatizwa huua diski mpya papo hapo, kwa hiyo ukichoma, choma kwa kompyuta yenye betri iliyojaa na kwa mwendo wa wastani. Inachosha kuyasema haya katika mji ambao mwaka 1982 ulipokea laini ya umeme ya kilomita 1,700 hivi kutoka Inga, kwa ajili ya viwanda, nasi tukaendelea kuwasha grupu, yaani jenereta.

Uhamishie wapi? Mpiga picha mwenye DVD 200 zilizojaa ana gigabaiti 940. Hadi diski, yaani hard disk ya nje, moja ya terabaiti moja inazimeza zote. Nunua mbili. Nasema mbili kwa makusudi, maana hadi diski moja iliyobeba harusi 200 ikianguka kutoka mezani inaua harusi 200 kwa mpigo, jambo ambalo DVD hazikuweza kulifanya hata zikitaka. Wahifadhi wa kazi hii wana kanuni ya tatu-mbili-moja: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Kwa familia ya hapa mimi ningeitekeleza hivi: hadi diski moja nyumbani, nyingine kwa ndugu katika mji mwingine, na DVD zenyewe zikibaki chomboni kama nakala ya tatu. Kupandisha mamia ya gigabaiti kwenye intaneti kwa bando za simu ni kuwapa kampuni za simu ada ya shule ya watoto. Weka huko nyaraka tu na picha chache.

Mji mwingine, nasisitiza. Kutoka hapa hadi Lubumbashi ni kilomita 300 hivi, na daima kuna mtu wa familia anayesafiri. Wakubwa wetu wanaikumbuka Mei 1978, risasi zilipofanya watu wakimbilie porini na nguo walizovaa. Wanakumbuka pia 1992 na 1993, familia zenye asili ya Kasai zilipofukuzwa makwao na kulala stesheni wiki kwa wiki zikingoja treni. Albamu za picha ngapi zilibaki nyuma siku hizo? Hadi diski ni ndogo kuliko albamu, lakini nayo itabaki mezani kama ndiyo pekee. Ile ya mji wa pili ikiwa na vitambulisho na hati za kiwanja, ifunge kwa neno la siri, na neno hilo liandikwe kwenye karatasi anayoijua mke, mume au mtoto mkubwa. Nimeona data nyingi zikifa pamoja na mwenye neno la siri.

Flashi ni ya kubebea tu. Inashikilia data kwa chaji ndogo ya umeme inayovuja polepole ikikaa miaka bila kuchomekwa. Halafu kuna flashi za udanganyifu: inaandikwa gigabaiti 512, ndani zimo 16, na kompyuta inakubali uongo huo, faili zinaingia, majina yanaonekana, ukizifungua hakuna kitu. Kabla ya kulipa, au siku hiyohiyo ukiwa bado unamjua muuzaji, ipime kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux. Programu hizo huijaza flashi yote kisha huisoma. Ni kazi ya saa kadhaa na inafaa kila dakika.

Baada ya kunakili, hakikisha. Kuna hesabu inayoitwa SHA-256: kompyuta inalisoma faili zima na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64, na likibadilika hata chembe moja, mfuatano wote unakuwa mwingine. Kwenye Linux amri ni sha256sum. Windows inayo ndani yake, certutil -hashfile, ukiandika jina la faili kisha SHA256 mwishoni. Hifadhi orodha ya mifuatano hiyo pamoja na nakala zote mbili. Kila mwaka, tuseme likizo ya Agosti, chomeka hadi diski zote, zihesabu upya, linganisha. Pasipolingana, chukua faili zima kutoka kwa ile nyingine. Kila baada ya miaka mitano hivi nunua hadi diski mpya uhamishe tena. Utando wa sumaku ulio ndani yake ni wa aloi ya kobalti, kwa hiyo huenda kidogo cha Kolwezi kinarudi nyumbani kwa bei ya Dubai.

Wapo watakaokuuzia M-DISC, DVD au Blu-ray isiyotumia rangi ya kikaboni, ambayo walioibuni waliihesabia miaka 1,000. Ni diski nzuri kweli, na kwa picha mia za familia ningeichoma moja. Lakini inahitaji lekta ileile ambayo viwanda vinaiacha, kwa hiyo hainiondolei kazi ya Agosti.

Anayeona kuhama-hama huku ni usumbufu, atazame kilichobaki cha sauti za watu wa Katanga. Mafundisho ya Jamaa, vuguvugu la kidini lililoanzia hapa Kolwezi kwa padri Placide Tempels miaka ya 1950, na mazungumzo ya mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, tunaweza kuyasoma leo kwa Kiswahili chetu kwa sababu mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliyarekodi kwenye kanda, kanda zikaandikwa kwenye karatasi, karatasi zikaingia kompyuta. Tshibumba alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kanda peke yake isingetufikia. Na historia ya Élisabethville, Lubumbashi ya leo, aliyoiandika André Yav mwaka 1965 ilipona kama karatasi zilizopigwa chapa na kurudufiwa. Basi chapisha pia: cheti cha kazi cha baba, hati ya kiwanja, picha ishirini, kwenye karatasi nzuri.

DVD ukishazinakili usizitupe, wala usizitundike shambani kufukuza ndege mwaka huohuo. Iliyokataa leo inaweza kusomeka kwa lekta utakayoipata mwakani. Zile zilizokufa kabisa, na ambazo zilibeba vitambulisho au hesabu za watu, zikate kwa mkasi mkubwa kabla ya kuzitia kwenye pipa. Zizungushie kitambaa kwanza, maana plastiki yake ikivunjika inaruka machoni, na watoto wakae mbali.